Mwanya wa Mama

Mama alikuwa na tiketi ya kurudi Kenya Jumapili, na safari hii alisema waziwazi kwamba magoti yake hayatamleta tena Birmingham. Nikaamua uso wake ubaki nyumbani kwangu Handsworth. Picha ninazo tele, lakini picha haina pua ya kushika.

Mikono yangu naiamini. Siku nyingine zote huogesha wazee kazini, na Jumanne nafinyanga kwenye karakana moja Saltley, tunakojifunza kutengeneza majagi yenye nyuso: macho yaliyotokeza, mdomo wazi, meno ya vipande vya sahani iliyovunjika. Mwalimu wetu, mzee Mwingereza, husisitiza meno yabanane yasije yakadondoka tanurini. Nilimtii. Jagi likatoka la kahawia, gumu kama jiwe, na mashavu ni ya mama mtupu. Nililipakata kwenye basi huku nikijisifu kimoyomoyo.

Mama aliligeuza mara mbili.

“Ati huyu ni mimi? Na mwanya wangu mmeupeleka wapi?”

Aibu ilinishika. Marehemu baba alikuwa akisema aliuona ule mwanya kabla hajamwona msichana mwenyewe. Na mimi, niliyeurithi, nilikuwa nimeuziba kwa kumsikiliza Mwingereza!

“Wacha tu, mwanangu. Ni mzuri hivyo.”

“Si mzuri. Hilo jino la katikati nalitoa.”

“Utanipasua kichwa!”

“Mum, relax. Hii mikono si ulinipa wewe?”

Nikalizungushia jagi taulo, nikachukua bisibisi na nyundo ndogo. Likipasuka, hakukuwa na Jumanne nyingine kabla ya Jumapili. Mama alifumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Niligonga mara tatu. Jino likaruka, likaishia chini ya meza. Jagi lilikuwa zima.

Mama akafumbua jicho moja, kisha la pili. “Umeufanya mkubwa kidogo,” alisema, akacheka. “Lakini sasa ni mimi.”

Kwetu jino la mtoto hutupwa juu ya paa ili jingine liote. Nililiokota lile, nikafungua mlango wa nyuma, nikainua mkono.

“Weh! Usitupe huko, litaota tena!”

Akaninyang’anya, akalifunga kwenye leso, akaliweka pamoja na pasipoti yake.

“Uso nimekuachia,” alisema. “Hili nitazikwa nalo.”