Klorini Ndani ya Ndoo ya Mawese

Mama aliniambia mara mbili kwamba ndoo ile iko na mabaki ya mafuta ya mawese, niioshe kwa sabuni kwanza. Kipindupindu kilikuwa kimerudi huku ziwani, na mhudumu wa afya alikuwa ametuachia kopo la unga wa klorini wa kutibu maji ya mtaa. Mfuniko wa kopo ukapasuka, nikatafuta chombo kingine. Mimi nimeuza mawese sokoni Rumonge tangu nikiwa msichana. Nani wa kunifundisha habari za ndoo?

Nikaipangusa kwa kitambaa, basi. Mama alipofungua mdomo mara ya tatu nikamwambia kama hana kazi akalale. Naona haya hata kuyaandika. Akaingia chumbani kwake, chumba ambacho mlango wake ni mmoja na unapitia stoo. Nikamimina unga, nikafunika, nikaiacha ndoo stoo, nikaenda uani kuanua nguo huku nimenuna.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza, kali, ya kukaba koo. Kugeuka, moshi unatoka stoo. Sijafika mlangoni, ndoo ikalipuka moto yenyewe, bila kiberiti wala jiko. Nikaita Mama, weee Mama. Nikajiziba pua kwa kitenge nikaingia hatua mbili, kifua kikakataa. Mume wangu akaja mbio, akanivuta nje, nikampiga ngumi aniachie. Miguu ya mama yangu ni mibovu, na ni mimi niliyemtuma akalale mle.

Ndipo jirani akapaza sauti juu ya ua: "Mama yako iko huku kwangu."

Kumbe aliingia chumbani kuchukua kitenge chake tu, akapita tena stoo, akatokea mlango wa mbele nilipokuwa uani, akaenda kunisema kwa jirani. Nilimkuta kwenye mkeka, kikombe cha chai mkononi. Nikaanguka mapajani pake nikilia kama mtoto. Asante Mungu, asante Mungu, sikuwa na neno lingine.

Aliutazama moshi juu ya paa letu, akanitazama mimi.

"Uliiosha?"

"Sikuiosha, Mama."

Moto ulijimaliza, ulikula ndoo, rafu na mlango wa chumba chake. Baadaye mhudumu alitueleza kwamba klorini na mafuta havikai pamoja, hata tone. Lakini siku ile jirani aliona aibu, akataka kubadilisha mazungumzo. Nikamwambia amwache Mama aendelee kunisema pale alipofikia. Nikakaa mkekani, nikasikiliza ubaya wangu wote mpaka mwisho.