Ngendo na Ukuta wa Magazeti

Agosti ya mwaka wa 1971, majuma mawili kabla ya harusi ya Ngatia, nilipewa kazi ya kumchunga Ngendo. Nikae alipo, niangalie mikono yake, basi. Akina mama wa kanisa ndio walionichagua, kwa sababu shamba langu lilipakana na la Mama Ngatia, na kwa sababu, kama walivyosema mbele yangu bila kuficha, Murugi haoni haya kumkodolea mtu macho.

Ngendo alikuwa mjane wa miaka kama arobaini, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Alitoka Mwea. Mume wake, Kihara, alilima mpunga huko mpaka alipofariki, kisha mashemeji wakalichukua shamba lake la mpunga, naye akaja Karatina na mkasi, sindano na magunia matupu. Alikodi chumba nyuma ya duka la Ambalal. Hakuwa na shamba kwetu, hakuwa na ukoo kwetu, na kazi aliyoifanya hatukuwa na jina lake.

Alipanga vitu katika nyumba za watu na kupamba harusi, kwa vitu ambavyo sisi tulivitupa. Rasila, mke wa Ambalal, alimwekea masanduku ya sabuni, mbao zilizozungushiwa vitambaa, na vipande vya lesi visivyofaa kuuzwa. Masanduku hayo aliyalaza kwa ubavu, moja juu ya jingine, akayatundikia pazia kwa kamba, na hapo mtu alikuwa amepata kabati. Mikebe ya mafuta ya kupikia aliitoboa kwa msumari akaitundika jikoni ishike vijiko na mwiko. Magunia ya sukari aliyafua na kuyaanika mpaka maandishi yakafifia, akayafanya mapazia, na ukingoni akayashonea vitambaa vya mkono. Mapambo ya harusi ndiyo yaliyowashangaza watu: waridi za karatasi ya chooni alizozichovya katika maji ya bitruti, maua ya maganda ya mahindi, na nyuzi ndefu za pakiti za maziwa zilizokatwa vipande, zikimetameta kila upepo ulipovuma.

Watu walimsifu, lakini hawakumwamini. Kwetu mtu anayeokota pakiti njiani lazima aulizwe anazitakia nini. Tena alikuwa ameingia nyumba nyingi mno. Alijua nani analala kwenye godoro lililotoboka na nani ana sukari lakini huwaambia wageni imekwisha. Akipita sokoni, wanawake walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kuongea juu ya kitu kingine.

Mama Ngatia alimwita aitayarishe nyumba yake, kwa kuwa wageni wa upande wa bibi harusi wangetoka Kutus na yeye hakutaka kuchekwa. Ngendo alifanya kazi siku sita. Alitoa kila kitu kwenye sanduku kubwa la mbao, akakikung'uta na kukirudisha kwa mpango. Alibandika magazeti ukuta mzima wa sebule kwa gundi ya unga wa ngano, akitia chumvi ili mende wasile. Mito mipya ya viti aliishona kwa magunia na kuijaza pumba za mpunga kutoka Mwea. Nyumba ile ya mbao ikawa safi hata mimi nikaona wivu.

Siku ya saba hati ya shamba ikawa haipo.

Nilisikia kelele nikavuka ua. Ngatia, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, alisimama mlangoni amekunja mikono. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Bahasha ya kaki ilikuwa hapa, chini ya blanketi," alisema. "Na ni wewe ulitoa vitu zote, Ngendo."

"Nilitoa, Mama Ngatia. Karatasi zote nikakupatia mkononi. Ukaniambia, hizi rudisha, hizi bandika."

"Ati mimi nilikuambia?"

"Wewe."

Mama Ngatia akatugeukia sisi majirani, macho yamejaa machozi. "Mnasikia? Ati mimi."

"Labda umeibandika kwa ukuta bila kujua," Ngatia alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba hiyo ndiyo nafasi pekee ya heshima aliyomwachia.

Ngendo alimtazama. "Toa ukuta basi."

Ngatia alichukua kisu cha jikoni na kweli akautoa. Mchana mzima alikwangua magazeti yale, karatasi moja baada ya nyingine, akigeuza kila moja atazame nyuma yake. Watu walikuja wakasimama dirishani. Mbao zilibaki uchi, zenye madoa ya gundi. Hati haikuonekana. Alipomaliza, Ngendo alikwenda jikoni, akaomba unga, akaanza kupika gundi upya.

"Si uende tu nyumbani," nilimwambia.

"Nikienda leo, mtasema nimeenda nayo."

Jioni hiyo ndipo akina mama walipokaa wakanipa kazi yangu.

Nilimchunga vizuri. Akiinama, nainama. Akienda chooni, nasimama nje. Alikuwa hanisemeshi, ila kunipa karatasi nishike au kuniambia nipake gundi pembeni kwanza. Usiku nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba mtu asiye na hatia angelia. Huyu halii. Mume wangu akasema hata yeye ameona hivyo.

Alhamisi kabla ya harusi tulikuwa wawili sebuleni. Mama Ngatia alikuwa nje akichagua mchele. Ngendo alikuwa akikung'uta mito, mmoja mmoja. Akafika kwenye kiti cha Mama Ngatia, kile cha karibu na dirisha, akaunyanyua mto wake, akaugeuza. Kisha akanionyesha mshono.

"Huu si wangu."

"Ni upi wako?"

"Mimi nashona na uzi wa gunia, naurudisha mara mbili. Huu ni uzi mweusi." Akaniwekea mto mapajani. "Wewe umeambiwa uangalie. Angalia."

Niliukandamiza. Pumba za mpunga hulia kama mchanga ukizibonyeza. Katikati ya zile pumba palikuwa na kitu bapa, na kilitoa mlio wa karatasi.

"Fungua," nilisema.

"Nikifungua mimi, mtasema nilikuwa nairudisha. Fungua wewe, Murugi."

Mkasi ulikuwa palepale mezani. Niliutazama, nikatazama mlangoni, nikasikia mchele ukirushwa kwenye ungo. Mama Ngatia alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tatu. Alinishikia watoto wangu wawili walipozaliwa.

"Labda ni kadibodi," nikasema.

"Labda."

Aliurudisha mto mahali pake na kuunyoosha, akaenda kutundika mapazia.

Tangu hapo sikuwa na amani. Kwanza nilimshuku Ngendo zaidi: pengine ameiweka yeye mwenyewe, kwa uzi mweusi makusudi, akanichagua mimi niwe shahidi wake. Halafu nikaanza kumtazama Mama Ngatia. Nikaona kwamba mtu akitaka kukaa kwenye kile kiti, humwelekeza kingine. Nikaona kwamba tangu hati ipotee, Ngatia hazungumzi tena habari ya kwenda Nyeri kubadilisha jina kwenye hati, habari aliyokuwa akiizungumza kila jioni tangu alipotoa posa. Na mama yake, ambaye mbele za watu alilia, akiwa peke yake alikula vizuri sana.

Jumamosi harusi ilifanyika. Ngendo alikuwa amesimamisha upinde wa mianzi kwenye lango, akaufunika kwa majani ya msituni na waridi zake. Nyuzi za pakiti za maziwa zilivuka ua kutoka mti hadi mti. Bibi harusi, Wacera, aliposhuka kwenye gari alisimama chini ya upinde akatazama juu, akasahau hata kutembea, mpaka shangazi yake akamsukuma kidogo. Wageni wa Kutus waliuliza ni nani aliyepamba. Hakuna aliyetaka kujibu. Mama Ngatia alikuwa amebebewa kiti chake kutoka sebuleni, akakikalia mchana kutwa, juu ya mto wake.

Ngendo alipokuwa anaondoka, Mzee Moffat wa kanisa alimsimamisha langoni, mbele ya watu, akamwomba afungue kikapu. Alikuwa mpole alipoomba, na hilo lilizidisha ubaya wa jambo lenyewe. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi, na masalio ya karatasi. Ngendo alivipanga tena kimoja kimoja, akaondoka. Nami nilikuwa hapo, nimeshika sahani ya pilau.

Jumanne iliyofuata Ngatia alitupeleka Nyeri, mama yake na mimi, nikiwa shahidi. Alikuwa ameelezwa kwamba hati mpya hupatikana, ila mwenye shamba lazima kwanza aape mbele ya hakimu kwamba ya zamani imepotea. Tulikaa kwenye benchi mpaka karibu adhuhuri. Tulipoitwa, karani alisukuma Biblia mezani.

"Weka mkono hapa, mama. Useme hati imepotea na hujui iko wapi."

Mama Ngatia aliinua mkono. Ukakaa hewani. Kisha akaurudisha kwenye mfuko wake.

"Iko kwa nyumba," alisema.

"Kwa nyumba wapi?" Ngatia aliuliza.

"Kwa kiti yangu."

Tulitoka nje. Ngatia hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kwa nini.

"Theuri hajarudi kutoka Nanyuki," mama yake alisema. "Ukishaoa ungeandika shamba yote jina yako, na yeye mdogo wako abaki bure. Nilitaka ingoje."

"Na Ngendo?" niliuliza.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za hali ya hewa. "Ngendo si mtu wa hapa. Angeenda zake, na maneno yangeenda na yeye."

Jumapili, Mzee Moffat alisoma matangazo. Alisema hati ya Mama Ngatia imepatikana, tumshukuru Mungu. Akaendelea na habari ya bati za paa. Ngendo alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwenye benchi iliyokuwa mbele yangu mwanamke mmoja alimwinamia mwenzake, "Amerudisha. Aliogopa." Yule mwingine akaitikia kwa kichwa.

Nilisimama. Sauti ilitoka nyembamba. Nilisema hati haikurudishwa na mtu, ilikuwa imeshonwa kwenye mto na mwenyewe. Nikasema niliishika kwa mikono yangu, ndani ya mto, Alhamisi kabla ya harusi, na sikumwambia mtu. Mama Ngatia alifunua kitabu chake cha nyimbo akaanza kutafuta wimbo.

Tangu siku hiyo hatukusalimiana na Mama Ngatia kwa miaka minne. Ngatia alipeleka mkungu wa ndizi kwa Ngendo, akauacha kwa Rasila dukani, hakuingia ndani. Shamba liligawanywa Theuri aliporudi. Na watu, ingawa walisikia nilichosema, wengine waliendelea kuhesabu vijiko Ngendo alipoondoka nyumbani kwao.

Mimi nilimwita kwangu Oktoba. Nilitaka kabati la masanduku na ukuta kama ule. Nilifikiri atakataa. Alikuja asubuhi na kikapu chake, hakugusia habari ya mto hata kidogo, wala mimi sikuthubutu. Nilimwonyesha sanduku la nguo, nikamwambia naenda kuchuma kahawa, afanye anavyoona, nitarudi saa kumi.

"Hapana," alisema. Alivuta kiti akakiweka katikati ya chumba. "Wewe utakaa hapa. Karatasi zako utoe mwenyewe, ushike mwenyewe, mpaka nimalize."

Nikatoa cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo wa watoto na barua za kaka yangu, nikaviweka mapajani. Niliketi hapo siku nzima, na kahawa ilibaki bila kuchumwa.