Mashine ya Msasa Niliyomchagulia Baba

Nikimsikia mtu dukani anauliza "ipi ina namba kubwa," roho inaniuma. Niliwahi kuwa huyo mtu.

Baba alikuwa fundi seremala kijijini kwetu Moshono, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Kupiga msasa kwa mkono kulikuwa kunamtesa. Mwaka ule kanisa letu la huko juu, kwenye migomba, lilimpa meza ya altare aifanye iwe mpya kabla ya sikukuu ya mavuno. Akiiweza, angepewa mabenchi yote ya kanisa jipya. Kazi ya namna hiyo alikuwa ameingoja maisha yake yote. Nikamwambia, baba, safari hii tunanunua mashine.

Nyumbani mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa karani, najua Kiingereza cha kuombea maji, basi kila chenye maandishi kililetwa kwangu: dawa, redio, barua. Nikajibeba na kiburi changu hadi mjini.

Jamani, duka lile! Sisi tumekulia kwenye foleni. Ulikuta sabuni ya aina moja au hukuta kabisa. Kuchagua tungejifunzia wapi? Sasa biashara imefunguliwa, rafu nzima imejaa mashine za msasa, kila moja ina herufi mbili na namba ubavuni. Muuzaji akauliza, "Ya kazi gani, dada?" Laiti ningemjibu! Niliona aibu kumuuliza herufi zile zina maana gani, mimi msomi. Nikasoma namba. Moja ilikuwa mia na kitu, nyingine mia saba na kitu. Darasa la saba si liko juu ya la kwanza? Nikasema, "Nipe hiyo kubwa," kwa sauti ya mtu anayejua.

Kumbe herufi ndizo zilizotaja aina ya kazi. Namba ilitaja ukubwa tu, haikusema lolote kuhusu ubora. Niliyoiacha ilikuwa ya kumalizia, inatetemeka taratibu juu ya mbao iliyokwisha kulainishwa. Niliyoibeba ilikuwa ya mkanda wa msasa mkali unaozunguka, ya kukwangua mbao nene zilizotoka kupasuliwa. Hayo niliyajua baadaye, wakati hayanisaidii kitu.

"Shikamoo baba. Nimekuletea kubwa kuliko zote."

"Marahaba, mama."

Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kuangalia kazi, na majirani nao hawakukosa. Kwetu mtoto akikuletea zawadi mbele za watu, huikagui. Unaitumia hapo hapo wote waone. Baba akapitisha kidole kwenye mkanda. Akanitazama. Kisha akawageukia wazee akasema, "Binti yangu amechagua," akaiwasha.

Uso wa meza ile ulikuwa vinia, ganda jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya mbao za kawaida. Mashine ililila ganda hilo kabla sijamaliza kutabasamu. Likabaki doa jeupe, pana kama sahani, pale pale kinapowekwa kikombe cha ushirika.  Wazee wakachukua kofia zao, na mabenchi akapewa fundi mwingine.

Mimi nikamkasirikia baba, eti! Wiki nzima nilinuna. Siku moja nikamkuta barazani anasugua mguu wa kiti kwa karatasi ya msasa, nikamfokea: "Lakini baba, fundi wa miaka yote hiyo, ulishindwaje kuijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao?"

Hakuinua macho.

"Nilijua tangu nilipogusa ule mkanda, mama. Lakini watu walikuwa wanakutazama."

Akaikunja upya karatasi yake kwa shida, maana vidole vilikuwa havimtii tena, akaendelea kusugua. Nikakaa chini na shule yangu yote, nikamshikia ule mguu wa kiti.