Kabati la Mabinti wa Kilatini

Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza, alikuwa ameinama karakanani kwangu, ananusa ubao. Nyuma yake alisimama mdogo wake, mama mnene mwenye mkoba mkubwa.

"Dada, unanunua kabati au nyama?"

"Nyamaza wewe. Fundi, mti huu hauliwi na wadudu?"

Nikasema hauliwi. Mimi si mtu wa maneno. Mteja akinikazia macho, natazama msumeno. Huyu hakunikazia. Alizungusha kichwa kuutafuta uso wangu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Baadaye mdogo wake aliniambia ni presha ya macho. Ilikuwa inamla kutoka pembeni, na dawa ya matone ilikuwa inaichelewesha tu.

Alikuwa profesa wa chuo kikuu. Alitaka kabati la droo ndogo ndogo za kuwekea kadi, maana kadi zake zilikuwa zinaozea kwenye maboksi ya viatu. Niliuliza ni kadi za nini, akavuta kigoda, akaketi.

"Kilatini alikuwa mama. Alikufa zamani, hakuacha wosia. Mabinti zake, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania na wengineo, wakagawana vyombo. Mimi nauliza nani alichukua nini."

"Umbea," mdogo wake akasema. "Umbea wa marehemu, tena analipwa mshahara."

Profesa akacheka hadi akakohoa. Akagonga meza yangu ya kazi. "Hata hii, fundi. Mama aliiita *mensa*. Mhispania, Mreno na Mromania wakaichukua. Mfaransa na Mwitaliano wakaikataa, wakachukua neno la ubao. Kisha Wareno wakatuletea sisi. Unalala na kuamka na mjukuu wake."

Tangu siku hiyo sikuiita meza yangu jina lile bila kumkumbuka.

Kabati nililitolea jasho. Kila droo ilikuwa sawa na mwenzake, hata unyoya usipite kati. Nilipolifikisha chumbani kwake chuoni nilijigamba, jambo nisilolizoea: "Chomoa yoyote, mwalimu. Popote itaingia."

Nilikuwa napita mara kwa mara kupaka nta droo ziteleze, ndipo nikaona anavyofanya kazi. Alikuwa anaandika kamusi ya mirathi ile yote. Kila binti alikuwa na safu yake, na ndani ya safu vitu vya nyumbani vilikuwa kushoto, vya shamba katikati, vya mwili kulia. Hakubandika lebo hata moja.

"Lebo ni ya wenye macho," alisema. "Mimi naufundisha mkono."

Na mkono ulijua. Aliongea na mimi huku ukienda wenyewe, ukafungua, ukatoa kadi, akaisogeza kwenye jicho. Kwenye kadi aliandika neno na kitabu alikolitoa, basi. Jina la lugha hakuliandika, maana droo ndiyo iliyolisema. Alitaka amalize kabla macho hayajazimika. "Tunakimbizana," aliniambia, "na mwenzangu hachoki."

Kisha chuo kikafunga idara yake. Wanafunzi walikuwa wamepungua, chumba kikatakiwa kwa kazi nyingine. Wabeba mizigo walipeleka kabati nyumbani kwake. Walikuwa watu waangalifu. Kwa kuwa lilikuwa zito, walichomoa droo zote, wakazibeba moja moja kama mayai, wakazirudisha kama zilivyokuja mkononi. Mkubwa wao alijisifu mlangoni: "Mama, hakuna hata kadi moja iliyodondoka!"

Mdogo mtu ndiye aliyenipigia simu. "Njoo, shemeji. Wiki nzima dada ametoa na kurudisha kadi kwa mazoea ya mkono, kumbe droo zimebadilishana mahali. Sasa amekaa tu mbele ya kabati." Shemeji nilikuwa kwa utani tu, lakini siku hiyo hakuwa anatania.

Nilimkuta amefungua droo, mkono ndani. Wakati huo jicho lilikuwa limebakiza mwanga wa dirisha tu.

"Nisomee, fundi."

Elimu yangu ni ya msingi, ila herufi nazijua. Nikasoma: "Em, e, es, a."

"Mhispania au Mreno? Wote wawili wanaandika hivyo hivyo."

"Sijui, mwalimu."

"Kitabu je?"

Mwandiko ulikuwa wa penseli, umefifia, na vifupisho alivyovijua mwenyewe. Nikageuza kadi huku na huku kama kuku aliyeokota shanga. Tuliendelea wiki kadhaa, kila nikifunga karakana. Kadi moja ilitupeleka mpaka giza linaingia, na droo ilikuwa imejaa. Mwanafunzi wake wa zamani alikuja, akapanga kidogo, likizo ikamwishia akaondoka. Ningeletewa kiti kilichovunjika mguu ningejua pa kuanzia. Pale mikono yangu ilining'inia tu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, kamusi hakuitaja. Alifariki kabla sijarudi tena. Siku hiyo ya mwisho nilimkuta kwenye kiti chake mbele ya kabati, droo moja mapajani, akipitisha vidole juu ya kadi kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Droo nyingine zilikuwa sakafuni, na matundu yake yakinikodolea macho.

"Mdogo wangu atajikwaa," alisema. "Hii ilikaa wapi, fundi?"

Nikayatazama matundu niliyoyachonga mwenyewe, yote sawasawa. Nikasema sijui.

Akanikabidhi droo ile kwa mikono miwili.

"Irudishe tu," akasema. "Popote itaingia."