Ugali Wenye Nywele

Kila mara bibi, mama yake baba, aliposhuka melini Mwanza akitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, jambo la kwanza lilikuwa kumnyanyua mdogo wetu wa mwisho na kumpima uzito kwa mikono. "Marahaba, marahaba," alitujibu mwaka ule, mtoto akining'inia hewani. "Huyu mbona mwepesi kama gunzi? Safari hii narudi naye Ukerewe akale samaki."

Mkwe habishani na mama mkwe, sembuse Msukuma aliyeolewa na watu wa visiwani. Lakini nilimwona mama alivyobana midomo. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na kweli kula ilikuwa vita: dagaa walimtazama, ugali ulimchoma, viazi vilimkaba. Mimi nilikula changu na chake, na hakuna aliyenisifu.

Miaka ile maduka ya Mwanza yalikuwa yamefurika vitu vya nje. Mama akarudi na pakiti ya tambi yenye picha ya watoto wanaocheka mbele ya sahani. "Hawa si wanakula?" akaniuliza, kana kwamba picha ni shahidi. Maelezo ya kupika yalikuwa kwa lugha ambayo hata baba, mjuzi wa yote, alishindwa kuisoma, akairudisha pakiti mezani.

Basi mama akazipika kama anavyopika michembe, vile viazi vyetu vya kukausha: akazivunjavunja, akafunika sufuria, akaenda kuchota maji. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Aliporudi alikuta nyingi zimekuwa uji. Mwingine angelia. Mama alichukua mwiko, akaongeza unga wa muhogo, akasonga.

Tukakaa mkekani, sinia moja, sato wa karanga pembeni. Mdogo wangu akaukodolea macho ule ugali, tambi zimechomoza kila upande.

"Ugali una nywele!"

Akachomoa unywele mmoja, akaula. Akachomoa mwingine. Halafu akaacha mchezo, akamega tonge zima, akachovya kwenye mchuzi. Mama alikuwa hapumui.

Bibi naye akamega, akatafuna taratibu. "Chakula gani hiki, mwanangu?"

"Cha kizungu, mama."

"Wazungu wana taabu," akasema, akamega tena.

Kwa hiyo mtoto akabaki. Siku ya safari, pale bandarini, bibi alishika kifurushi chake akasema bila kumtazama mtu, "Wala sababu haikuwa wembamba wake. Nyumba yangu imekuwa kimya mno."

Nilimwonea huruma. Nadhani mama pia, maana aligeuka akanitazama mimi, mla vyote, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Shule zilikuwa zimefungwa. Kisingizio sikuwa nacho. Meli iling'oa nanga nami nikiwa ndani, na gauni nililovaa tu.

Jioni ile, jikoni kwake Nansio, bibi alifungua kifurushi chake cha kitenge akatoa pakiti ya tambi kama ile ya mama.

"Haya," akasema, "tuone kama mama yako amekufundisha kusonga."