Kifungo cha Tatu

Koti la baba la reli bado linanuka mafuta taa. Nikilinusa namwona dada sakafuni, akipanga chesi ya vifuniko vya soda. Alikuwa amenitungia fumbo: kifungo cheusi, cha tatu cha koti hilo, kilichokuwa kimedondoka, kiliruhusiwa kuruka askari wa upande wake tu, na kwa hatua mbili nimnase mfalme. Nilihangaika siku tatu.

"Si unionyeshe tu."

"Fikiria."

Nikapata hatua ya kwanza. Kabla ya ya pili, mama akachukua kifungo, akakishona kwenye koti.

"Baba yenu aende kazini kifua wazi kwa sababu ya mchezo?"

Dada akakunja ubao wake wa katoni, akakataa katakata kusema jibu.

Leo nimekikata kifungo hicho kwenye koti kwa wembe, nikapanga vifuniko upya. Hatua ya pili bado inanishinda, na dada hayupo tena nimuulize.