Maelezo niliyoiandikia mashine

Leo nimemfuta kazi mtu aliyenifundisha kazi yake.

Achol anaishi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Ndiye alikuwa anatuchorea mabango ya ofisi yetu hapa Lodwar. Bosi akaniambia niiandikie AI, ile akili bandia, maelezo ya kutumia kifaa kipya, ili iingie yenyewe kwenye programu ya kuchora na itoe picha zikiwa tayari kuchapishwa.

Mimi hata mbuzi siwezi kuchora. Nikampigia Achol.

Wiki nzima alinieleza kwa simu, hatua kwa hatua. "Dada, andika hapo: picha ikitoka ndogo, ikikuzwa kuwa bango itaharibika. Mashine haiwezi kujua kama hujaiambia."

Asubuhi tumeijaribu. Mabango yote yametoka safi. Bosi akapiga makofi, kisha akasema, "Sasa mpigie huyo wa Kakuma. Mwambie tunamshukuru."

Nikapiga. Achol akadakia, "Imekubali?"

"Imekubali."

"Si nilikuambia! Haya, nitumie kazi ya kesho."

Nikamwambia hakuna ya kesho. Wala ya wiki ijayo.

Akauliza polepole, "Dada, ulikuwa unajua?"

Nilijua tangu siku ya kwanza.

Nimemwambia sikujua.

Haya, nitukaneni.